Chumba cha Jumanne na Makofi ya Wakwe

Sifa ni zake Mungu aliye hai, anayeuamsha mwili uliolala na kuupumzisha uliochoka. Katika mwaka wangu mgumu kuliko yote hakunipa kila nilichomwomba, lakini hakuniacha peke yangu hata siku moja. Kwa jina lake naanza, nikimsihi ayafikishe maneno haya kwa anayeyahitaji.

Ninaandika kwa mkono wa kushoto, na ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Mimi ni mkulima wa kahawa hapa Igamba, na kwa miaka mingi nimefundisha madarasa ya ubatizo katika kanisa letu. Mchungaji ndiye aliyenishauri niandike, kwa sababu siku hizi watu wanakuja kwangu baada ya ibada kuniuliza habari za kiharusi, huyu kwa ajili ya baba yake, yule kwa ajili ya mumewe. Kiharusi ni nini, hilo waulizeni madaktari. Mimi nitasimulia jinsi kilivyokaa nyumbani kwangu.

Kilinijia asubuhi, mwishoni mwa mavuno, ukungu ukiwa haujaondoka bondeni. Nilikuwa kando ya vichanja vyangu, zile meza ndefu za fito na wavu ambazo juu yake tunaanika kahawa ikishamenywa na kuoshwa. Jirani yangu, mama mtu mzima, akapita njiani na ndoo ya maji kichwani. Kwetu mtu wa heshima hasalimiwi kwa mdomo tu. Unainama kidogo, unakunja viganja viwe kama vikombe viwili, unavigonganisha polepole, na sauti inatoka nzito, si kali kama ile ya kushangilia. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wanyiha, na ndivyo walivyo ndugu zetu Wanamwanga mpaka ng'ambo, Zambia. Basi nikainama, nikaleta mikono pamoja, ukaja mmoja. Wa kulia ulibaki ukining'inia kama shati kwenye kamba.

Nikadhani ni ganzi ya baridi. Nikataka kumtania jirani juu ya uzee, lakini maneno yalitoka yamevimba, kama ya mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Yule mama akaitua ndoo yake chini. Hilo ndilo ninalolikumbuka la mwisho la asubuhi ile: ndoo ikituliwa taratibu bila kumwaga maji, na yeye akimwita mke wangu kwa sauti ya kawaida kabisa ili nisiogope.

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye: kaka yangu alifika kabla gari halijapatikana. Akasema haya si mambo ya hospitali, kuna mtu ameionea kijicho kahawa yangu. Mke wangu, Mama Tumaini, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwomba ashike miguu, yeye atashika mabega, wanipakie. Nimewaza mara nyingi jinsi alivyoushinda ubishi ule bila kubisha. Wewe unayesoma, ukiona mdomo wa mtu wako umekwenda upande, usingoje kikao cha ukoo. Mpeleke saa hiyohiyo.

Baada ya wiki tatu nilirudi nyumbani. Upande wangu wa kulia ulikuwa kama mgeni mzito niliyelazwa naye kitanda kimoja. Chai ilinitoka pembeni mwa mdomo bila mimi kujua, nikajua kwa kuona kola imelowa. Mguu uliburuta, na kiatu cha kulia kikaisha soli upande mmoja. Nililia kwa mambo madogo sana: kuku akivuka uwanja, binti wa shule akinipa shikamoo. Daktari alisema machozi hayo ni sehemu ya ugonjwa, lakini mimi sikuwa nimezoea kulia mbele za watu. Mama Tumaini alikuwa akiniogesha huku anaimba tenzi za kanisani, ubeti kwa ubeti bila kituo, ili nisipate nafasi ya kumwomba radhi.

Kilichonitesa zaidi ni kusali. Tangu utoto nimeomba viganja vikiwa vimekutana. Sasa kimoja kilijikunja pajani na hakikufunguka hata ukikivuta. Jioni moja mke wangu aliniona nikihangaika nacho. Akaja kukaa upande wangu wa kulia, akaweka kiganja chake kwenye changu cha kushoto. Tukaomba hivyo, na hivyo ndivyo tulivyoomba kwa muda mrefu.

Kosa langu nililifanya mwezi uliofuata. Binti yetu wa mwisho, Tumaini, anafanya biashara ya vitenge Tunduma, na huko alimpata kijana wa ng'ambo ya mpaka, wa upande wa Nakonde, mtu wa kanisa na mwenye adabu. Baba wa kijana, Mzee Sikazwe, akawatuma wadogo zake wawili waje kutusalimia, kabla ya neno lolote la posa. Nilipopata habari nilimwagiza mke wangu anikalishe kwenye kiti chenye mikono, anifunike blanketi kifuani mpaka magotini, na mkono wa kulia ukae chini ya blanketi. Nikamkataza asitaje ugonjwa. Nilitaka wamwone baba wa binti akiwa mzima.

Wale wageni walichutama mlangoni wakapiga makofi. Nikawajibu kwa mdomo, kwa maneno machache ambayo ulimi ulikuwa umeshayaweza. Wakangoja. Wakapiga tena. Nikainamisha kichwa. Wakanywa chai, wakasifu migomba, wakaondoka.

Siku ya nne Tumaini aliingia kutoka Tunduma bila kutuarifu. Hakukaa.

"Baba, kule wanasema umetukataa."

"Nimemkataa nani?"

"Wamekupigia makofi mara mbili hukujibu. Kwao hilo lina maana moja, na kwetu pia. Kwa nini hukusema unaumwa?"

"Niliona haya, mwanangu."

Alinitazama, nikaona hasira inamtoka taratibu. Akapiga magoti akaanza kufungua vifungo vya shati langu, vilivyokuwa vimepishana, na kuvifunga upya.

Alirudi akawaeleza. Jibu la Mzee Sikazwe lilikuja kwa mshenga, nalo lilikuwa la upole. Ugonjwa wameuelewa, na wananiombea. Lakini makofi ya ndugu zake yamebaki chini, hayajaokotwa, na nyumba ya watoto haijengwi juu ya salamu iliyoachwa chini. Nipumzike, nipone, watakuja tena mavuno yajayo yakiisha. Kaka yangu alijitolea kunijibia, akasema mila inaruhusu. Inaruhusu kweli, kama baba amefariki. Nikamwambia bado nipo. Kwa hiyo nikawa na mwaka mmoja wa kuufundisha mkono wangu sauti moja.

Hapo ndipo nilipoelekezwa kwenye chumba cha mazoezi ya viungo. Sitakitaja kituo chenyewe, maana sikusudii kumlaumu mtu. Chumba kilikuwa mwisho wa korido, na kundi letu lilikuwa la Jumanne. Hata sasa Jumanne asubuhi naamka nikiwa tayari kwenda, kisha nakumbuka.

Nakiona bado. Palikuwa na reli mbili za bomba, za kushikilia huku na huku ukijifunza kutembea. Palikuwa na kioo kirefu chenye ufa, ambacho kila mmoja wetu alijitazama humo akiwa amekatwa vipande viwili. Palikuwa na ngazi ya mbao ya hatua tatu isiyokwenda popote, tukaipanda na kuishuka kama watu wenye safari. Harufu ilikuwa ya dawa ya kuchua na ya sakafu iliyotoka kupigwa deki, na dirishani uliyasikia malori ya barabara kuu yakibadili gia kupanda mlima kuelekea Tunduma. Nje palikuwa na benchi la kungojea. Nimesoma maandiko, nimehudhuria semina nyingi za kanisa, lakini mengi ya uvumilivu nimeyajua kwenye benchi lile.

Mwenye chumba alikuwa Dada Rehema, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, binti wa Dodoma mwenye mikono migumu kama ya mwosha kahawa. Siku ya kwanza aliniuliza nataka mkono huu ufanye nini. Wengi walimjibu kula, au kuvaa. Mimi nikasema nataka upige makofi ya mkwe.

"Makofi ya nani, Baba?"

Kabla sijajibu, mtu mmoja akadakia kutoka kwenye reli. Alikuwa Siwale, dereva wa malori wa Tunduma, aliyekatwa mguu chini ya goti kwa kisukari na alikuwa akizoea mguu wa bandia. "Dada, wewe mtu wa Dodoma utajuaje heshima? Tazama." Akajaribu kuchutama amwonyeshe, mguu wa bandia ukakataa, akakaa chini kwa kishindo, na palepale sakafuni akapiga makofi yake ya heshima kana kwamba ndivyo alivyokusudia. Chumba kizima kilicheka. Mimi nilicheka mpaka nikalia, na kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa hakuna aliyeweza kujua ni machozi ya namna gani.

Dada Rehema hakucheka sana. Alikuja akapiga makofi yale mbele yangu, mara tatu, akitazama vidole vyake. "Kwa hiyo kiganja lazima kifunguke, kisha kikunjike kidogo, kisha mkono wote uje katikati," akasema. "Ni kazi tatu. Tuanze na ya kwanza."

Kazi ya kwanza ilichukua muda wote wa mvua. Kahawa ilichanua baada ya mvua za kwanza, mashamba yote yakawa meupe na kunukia, nami nilikuwa nikifundishwa kunyoosha kidole gumba. Mbegu zikaanza kujaa, nikafungua kiganja nusu. Siwale alinitania kila Jumanne. "Mzee wa kanisa, mkono wako ni lori kwenye foleni ya boda. Usiupigie honi, utasogea wenyewe." Nilipomuuliza habari za mguu wake alisema ulivuka boda kabla yake ukamwacha huku na makaratasi.

Alikuwapo pia Mama Kibona, mkulima kutoka milima ya Ileje. Mwanawe Subira, msichana wa miaka sita, alizaliwa na miguu iliyokaza kama mkasi. Mama huyu aliondoka kwao Jumatatu, akalala kwa shangazi yake Mlowo, ili Jumanne awe wa kwanza kwenye benchi. Alimbeba mtoto mgongoni ingawa miguu ya mtoto sasa ilimfika mama magotini. Subira alinipenda kwa sababu tulikuwa darasa moja, akisimama yeye, nami nasimama. Jumanne moja, kahawa ikianza kuiva, aliachia reli zote mbili, akasimama peke yake mbele ya kioo muda wa mtu kuvuta pumzi tatu. Akasema, "Babu, nimekatika vipande viwili lakini sianguki." Mama yake aligeuka akatazama ukutani.

Nakumbuka mikate Siwale aliyotuletea kutoka boda, ya upande wa Zambia, akidai ni laini kwa watu wenye midomo iliyopinda. Nakumbuka Mama Tumaini na Mama Kibona wakibadilishana mbegu za maharage kwenye benchi. Tulikuwa watu wenye shida, lakini nikisema kwamba ulikuwa wakati mzuri sitakuwa nadanganya.

Halafu, mwezi wa saba, mwaka mpya wa bajeti ulipoanza, tulikuta karatasi mlangoni. Ilisema fungu la huduma za watu wenye ulemavu limepunguzwa, na kwa hiyo chumba kitafunguliwa Jumanne moja kwa mwezi. Mwezi uliofuata Dada Rehema akapewa uhamisho kwenda mkoa mwingine, na hakuletwa mtu badala yake. Mafundi wa miguu ya bandia walikuwa wameshaondoka. Chumba kikapangwa kuwa stoo ya mafaili.

Tulikwenda ofisini, mimi, Siwale na Mama Kibona, na Subira mgongoni. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mstaarabu. Alitupa viti, akatusikiliza, akatuambia yeye naye ameletewa karatasi, hakuiandika. Akasema maombi ya mwaka ujao yataangaliwa. Siwale akamuuliza kwa upole, "Mwanangu, mwaka ujao mguu wangu uusubiri wapi?" Yule kijana akasimama, akatusindikiza mpaka mlangoni. Siwezi kumchukia. Wala siwezi kusema jambo lile lilikuwa sawa. Nimewaza kwamba aliyekata fungu lile pengine hajawahi kuketi kwenye benchi letu, na tangu siku ile namwombea, si akae pale kwa ugonjwa, ila aje siku moja atembee tu kwenye korido ile, aone.

Siku ya mwisho Dada Rehema alikuwa akifungasha mipira kwenye gunia. Nilikuwa nimebakiwa na kazi ya tatu. Kiganja kilifunguka, kilikunjika kidogo, lakini mkono wenyewe haukufika katikati. Uliinuka mpaka usawa wa kitovu ukaishia hapo kutetemeka. Miezi mitatu tu ilibaki wakwe waje.

"Baba," akaniuliza, "nyumbani kwako kuna kitu gani kirefu cha kushikilia?"

Nikafikiri. Nikamwambia hakuna, labda vichanja vya kahawa.

"Viko viwili?"

"Vipo sita, kwa mistari."

"Vinanifika wapi?"

Nikamwonyesha kiunoni. Akaacha gunia. Akavua khanga aliyojifunga, akapima nayo upana kati ya reli moja na nyingine, akafunga fundo mahali pake, akanipa ile khanga. "Kapime," akasema. Kabla ya kuondoka mkoani alikuja Igamba kwa siku yake ya mapumziko, akatembea kati ya vichanja vyangu huku mikono yake ikiteleza juu ya fito za pembeni, kushoto na kulia. Sisi huacha kati ya vichanja nafasi ya mtu mwenye ndoo ya kahawa kupita. Fundo la khanga lilikuja palepale, pungufu ya vidole viwili. Akakaa juu ya ndoo, akacheka, kisha hakucheka.

Nami nilikuwa nimeishi na reli zile tangu enzi za baba yangu.

Ikawa Jumanne kundi linakuja kwangu. Siwale aliteremka Mlowo akaja kwa bodaboda, na mguu wake wa bandia ulipolegea mkanda, fundi wa viatu wa Mlowo akaushona. Na katika vile vichanja tuligundua jambo ambalo chumba hakikuwa nalo, maana ulikuwa msimu na vilijaa kahawa. Kahawa iliyotoka kuoshwa lazima ichambuliwe. Unapita taratibu, unatoa moja moja zilizovunjika, nyeusi, zilizoliwa na wadudu. Ni kazi ya wanawake na wazee, kazi ya vidole na subira. Niliamua kuifanya kwa mkono wa kulia. Ili uifikie kahawa iliyo katikati ya kichanja cha kushoto, lazima mkono uvuke mbele ya kifua. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya tatu.

Mwanzoni mkono ulikokota nzuri na mbaya pamoja. Lakini kila asubuhi nilipotazama, kichanja changu kilikuwa safi kuliko nilivyostahili, nikamshukuru Mungu kwa maendeleo ya haraka. Wiki ya pili niliamka mapema kwenda msalani, nikamkuta Mama Tumaini amejifunika shuka kwenye baridi ile, anapita nyuma ya kazi yangu, anatoa mbovu nilizoziacha, anaokota ardhini nzuri nilizotupa na kuzirudisha. Nikajirudisha ndani kabla hajaniona. Mpaka leo hajui kwamba najua, labda atajua akisoma hapa. Mama Tumaini, asante.

Lakini nisimdanganye mtu. Kichanja si hospitali. Mama Kibona alikuja mara mbili tu. Kutoka Ileje hadi Igamba ni mbali kuliko hadi barabara kuu, na shangazi wa Mlowo alikuwa ameugua. Mara ya pili Subira alishika fito, akachomwa na kibanzi, akalia, na mimi sikujua namna ya kumlegeza miguu kama Dada Rehema alivyojua; nilimsugua tu kama mtu anayepangusa meza. Mama yake aliniaga vizuri, akanishukuru. Baadaye tulisikia kwamba mtoto ameacha kusimama, anakaa mlangoni akitazama wenzake. Mimi mzee nilipata reli zangu uani. Yeye aliyekuwa na miaka mingi mbele yake hakupata. Nimeliweka hili hapa katikati ya shukrani zangu kwa sababu hapo ndipo lilipo, na kila Jumanne hulikuta hapo.

Mavuno yakaisha. Wakwe wakatuma neno kwamba watafika Jumamosi.

Safari hii sikutaka blanketi. Nilikaa kwenye benchi la uani, karibu na vichanja vilivyokwisha kukunjwa nyavu, nimevaa shati la mikono mifupi ili mkono uonekane. Siwale alikuwepo, amevaa suti. Kaka yangu alisimama nyuma yangu, na nilijua alikuwa tayari iwapo ningeshindwa. Tumaini alikuwa ndani na mashangazi zake, lakini pazia la dirisha halikutulia.

Mzee Sikazwe alikuja mwenyewe. Nilikuwa sijawahi kumwona. Alikuwa mrefu, mwenye umri wangu au zaidi, na alishuka kwa taabu mpaka akachutama, na ndugu zake nyuma yake. Wakapiga makofi. Sauti ilikuwa ileile niliyoikosa asubuhi yangu ya mwisho ya uzima, nzito na ya polepole.

Nikashuka kwenye benchi mpaka goti likagusa ardhi. Nikafungua kiganja. Kikafunguka. Nikakikunja kidogo. Nikauita mkono uje katikati. Ukaja mpaka kitovuni, ukasimama. Pembeni yangu Mama Tumaini akasogeza kiganja chake taratibu, kama tulivyokuwa tukisali. Nikatikisa kichwa. Nikawaza kwamba katikati ya kichanja kuna kahawa moja nyeusi, na ni yangu kuitoa. Mkono ukapanda. Viganja vikakutana.

Havikutoa sauti. Mkono wa kulia haukuwa na nguvu ya kugonga, uligusa tu, kama jani linavyogusa jani. Nikapiga mara ya pili, na ya tatu, kwa sababu salamu ni tatu, na ya tatu ilikuwa kimya kama ya kwanza. Jasho lilinitoka. Sikuthubutu kuinua macho.

Mzee Sikazwe hakuwa ameinuka. Nilimsikia akikohoa kidogo, kisha akasema kwa lugha ya kwao, kisha kwa Kiswahili, ili kila mtu uani apate:

"Twaumfwa, mukwai. Tumesikia."

Ndugu zake nyuma yake wakaitikia kwamba wamesikia. Siwale akasema naye amesikia, ingawa hakuna aliyemuuliza. Ndani ya nyumba akina mama wakapiga vigelegele, na pazia lile hatimaye likafunguka.

Sasa kahawa imechanua tena. Tumaini yuko kwake, ng'ambo, na akija hunipigia makofi mlangoni nami humjibu. Mkono haujarudi wote na sidhani kama utarudi; bado ninamega ugali kwa kushoto na kuomba radhi kwa wageni. Jumanne Siwale huja, tunatembea kati ya vichanja, tunakumbuka benchi. Kila mwezi namwandikia barua yule afisa, kwa mkono huuhuu wa kushoto, nikimkumbusha habari za chumba, na kila barua ina jina la Subira. Ameshanijibu moja. Anasema wanalitazama. Mimi ni mtu wa kungoja, nitaendelea kuandika.

Nawe uliyefika hapa, kama ni mgonjwa, au unamwogesha mgonjwa, au umekuta karatasi mlangoni mahali ulipozoea kupokelewa: Mungu akupe kitu kirefu cha kushikilia pande zote mbili, akupe mtu wa kukupitia nyuma kabla jua halijatoka, na siku mikono yako itakapokutana bila sauti, yeye aliye juu aseme amesikia. Amina.